Barua ya wazi kwa madiwani wetu: iacheni meza ya dhumna mahali pake

Waheshimiwa Madiwani,

Chini kabisa ya kila barua inayotoka ofisini kwenu kuna mstari mdogo unaosema kwamba anayetaka kuandikiwa kwa lugha yake aombe. Miaka yote hii sikuomba. Leo naandika kwa Kiswahili kwa sababu jengo ninalotaka kulisemea, ile baa ya kando ya mfereji ambayo mmeletewa ombi la kuibomoa ili zijengwe fleti, ni jengo ambalo Kiswahili kilizungumzwa nyuma ya kaunta yake kwa miaka 36. Nakala ya Kiingereza nitaileta kwa mkono wangu. Hii naiweka hadharani ili isomwe pia na ndugu zangu wa Pwani, walioko huku na walioko nyumbani, ambao wameniuliza mara nyingi, wengine kwa upole na wengine kwa ukali, mtu wa Tanga asiyekunywa pombe anatafuta nini baa.

Mimi ni dereva wa basi mstaafu. Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, nikaja nchi hii mwaka 1996, na maisha yangu yote ya kazi hapa nimeyamaliza kwenye barabara za Black Country, miji hii ya magharibi ya Birmingham ambayo mgeni hawezi kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Sijawahi kuonja pombe. Lakini mtu akiniuliza nilijifunzia wapi kuwa mwenyeji wa mji huu, sitamtajia shule, wala ofisi, wala hata msikiti, ingawa msikitini nilikuwa nakwenda. Nitamwonyesha mlango wa ile baa.

Niliingia mara ya kwanza Februari 1997. Zamu yangu ilikuwa imekwisha saa nane mchana, mvua ya barafu inanyesha, na basi la kunirudisha nyumbani lilikuwa halijafika kwa dakika 40. Nilisimama chini ya kibaraza cha baa mpaka vidole vikafa ganzi. Mlango ulikuwa mzito, wa mbao nyeusi, na kioo chake kilikuwa kimechorwa maua na jina la kiwanda cha bia ambacho tayari kilikuwa kimeshakufa. Nilipousukuma, vichwa vyote viligeuka. Kila mgeni aliyewahi kuingia baa ya mtaani katika nchi hii anakijua kile kimya. Hakina chuki, ila kina uzito. Nyuma ya kaunta alikuwa amesimama mzee wa kilemba, Singasinga, ndevu nyeupe. Akaniuliza kwa Kiingereza cha hapa hapa ninatoka wapi. Nikamwambia Tanzania, mji unaitwa Tanga. Akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia glasi, akasema kwa Kiswahili: "Karibu, ndugu. Habari ya Tanga? Mimi mtu ya Nakuru."

Nilikuwa sijamsikia mtu akisema "karibu" nje ya nyumba yangu kwa miezi minne.

Baba yake alikuwa fundi wa reli Nakuru. Yeye alizaliwa huko, akasomea huko, akaja Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1968, wiki chache kabla Bunge la hapa halijapitisha sheria ya Machi mwaka ule ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza. Alifanya kazi katika kiwanda cha kusubu chuma mpaka kilipofungwa. Mnamo 1986 alichukua kiinua mgongo chake chote akakodi baa hii. Hakuchagua baa yoyote tu, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza niwaambie ndani palikuwaje, maana ripoti ya maafisa wenu imepapima kwa mita za mraba na haikutaja hata kiti kimoja.

Palikuwa na pande mbili, kila upande na mlango wake wa nje, kama baa nyingi zilizojengwa enzi za Malkia Victoria. Upande wa baa ulikuwa wa wafanyakazi: sakafu ya vigae, mabenchi ya mbao yaliyozunguka ukuta, meko ya makaa, na ubao wa kurushia vishale karibu na mlango wa choo, ikabidi mtu anayetoka chooni achungulie kwanza. Upande wa sebule ulikuwa na zulia jekundu na viti vya mahameli; hapo ndipo wanaume waliwaleta wake zao Jumamosi, na zamani kinywaji cha sebuleni kilizidi bei kwa senti chache. Katikati, nyuma ya kizuizi cha mbao na kioo, palikuwa na kijichumba cha watu sita. Wazee waliniambia kwamba humo walikaa akina bibi, wanahudumiwa kupitia kidirisha, bila mtu wa upande wa pili kuwaona. Mpaka mwaka 1982 ndipo Mahakama ya Rufaa ilipoamua, katika kesi ya baa moja ya mvinyo ya London, kwamba kumkatalia mwanamke kuhudumiwa akiwa amesimama kaunta ni kuvunja sheria. 1982! Mimi nilikuwa tayari niko shule.

Na palikuwa na kengele ya shaba juu ya kaunta. Ilipigwa mara moja kwa oda za mwisho, mara ya pili kwa kufunga. Wazee walikumbuka ilivyopigwa hata saa za mchana, kwa sababu serikali ilizibana saa za baa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili watengeneza mizinga wasilewe, kisha ikasahau kuzifungua: mpaka 1988 baa za Uingereza zilifungwa alasiri, watu wakatoka nje kungoja jioni. Kuna mzee aliyekuwa akisema kwamba zile saa mbili na nusu za alasiri ndizo zilizolinda ndoa yake.

Lakini kitu changu mimi kilikuwa meza ya dhumna.

Kwetu Tanga dhumna ni mchezo wa barazani. Baada ya swala ya alasiri wazee wanakaa, kete zinapigwa ubaoni, mtu anamtania mwenzake, mtoto anatumwa kahawa. Nilipoiona ile meza kwenye kona ya upande wa baa, imechakaa katikati kwa miaka ya kuchanganywa kete, nilijua nimefika mahali. Tatizo ni kwamba kila mtu pale alicheza dhumna yake. Waingereza wa Black Country hucheza mchezo wa tano na tatu: unajumlisha ncha mbili za mstari, na jumla ikigawika kwa tano au kwa tatu unahesabu pointi. Ukizifanya ncha kuwa 15 unapata pointi nane, maana 15 ina tatu mara tano na ina tano mara tatu. Mchezo wa hesabu, wa kimya, alama zinahesabiwa kwa vijiti kwenye ubao wenye matundu. Wajamaika, ambao mji huu umejaa wazee wao tangu miaka ya 1950, hucheza wawili kwa wawili, na kete haiwekwi mezani, inapigwa kama mtu anayeua nyoka. Sisi tunacheza kama wao, ila tunasema zaidi. Mwenye baa aliamua: Jumanne sheria za Kiingereza, Alhamisi sheria za Jamaika, na Jumapili alasiri mtu wa Tanga aseme anavyotaka. Kwa miaka 20 na zaidi Jumapili zangu zilikuwa hivyo.

Mwenzangu wa Jumanne alikuwa mzee Mwingereza, fundi wa kuchonga kalibu za mbao za kiwandani, zile zinazokandamizwa mchangani kabla chuma cha moto hakijamiminwa. Kiwanda chake kilikufa, lakini mikono ilibaki. Kete moja ilipopotea, ile yenye sita pande zote mbili, alichonga nyingine kwa mti wa mpera akaitoboa matundu 12 sawasawa. Ilikuwa nyeusi kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo kila mtu alijua ni nani ameishika. Hatukununua seti mpya. Tulikubaliana tu kwamba mwenye kete ile aicheze haraka.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipigia simu siku moja. Mtu alikuwa amempelekea habari. "Mwanangu, nasikia unaingia baa." Nikamwambia naingia, mama, ila sinywi. "Basi unakwenda kufanya nini?" Kucheza dhumna. Alinyamaza. Halafu akauliza, "Mnacheza na nani?" Nikamtajia: Mwingereza mchonga kalibu, Mjamaika wa Clarendon aliyekuwa kondakta wa basi, na Singasinga wa Nakuru. Akasema, "Usiache kuswali," akakata simu. Tangu siku ile kila aliponipigia aliniuliza habari za yule mzee wa mikono.

Na kuhusu nilichokunywa: mwenye baa alinipikia chai. Chai ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na tangawizi na iliki kama wanavyopika Nakuru, katika sufuria jikoni kwa mkewe. Baada ya mwaka mmoja Waingereza watatu walikuwa wanaiagiza. Jikoni hapo hapo walianza kuchoma kuku na mishkaki ya kondoo kwenye makaa, kama zilivyofanya baa nyingi za Wapunjabi huku, Smethwick na West Bromwich, na watu wakaja kutoka miji mingine kula. Kuna jambo alilonifanyia ambalo nalisema kwa mara ya kwanza hadharani. Dini yake haimruhusu kula nyama iliyochinjwa kwa desturi yetu. Hata hivyo kila Ijumaa alimtuma kijana kwa bucha la Waislamu kuninunulia kuku mmoja, akanipikia katika kikaango alichokitenga, na mwenyewe hakugusa. Hakunitangazia. Niligundua baada ya miaka miwili.

Sasa sababu ya kuichagua baa hii.

Ami yake alitangulia kuja, mwaka 1962, akafanya kazi kiwanda kile kile. Ijumaa ya kwanza ya mshahara wenzake walimchukua kwenda kunywa. Upande wa baa alihudumiwa. Alipotaka kuvuka kwenda sebuleni, kwenye zulia, aliambiwa upande ule si wa watu wa rangi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, waheshimiwa, na wala si baa hii tu. Mwaka 1964 kule Bristol, Paul Stephenson, yule yule aliyeongoza mgomo wa mabasi mwaka uliotangulia, alikataa kutoka katika baa ya Bay Horse mpaka ahudumiwe. Akakamatwa, akashtakiwa, na kesi ikatupwa. Februari 1965 Malcolm X alifika Smethwick, maili chache kutoka hapa, siku tisa kabla ya kuuawa kwake, akaingia baa ya Blue Gates, akajionea mwenyewe ubaguzi wa sebule na baa. Mwishoni mwa mwaka ule ndipo sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi ilipoanza kutumika, ikapiga marufuku kumnyima mtu huduma mahali pa umma kwa sababu ya rangi yake.

Kwa hiyo simpambi mtu historia. Mlango wa baa umewahi kufungwa usoni mwa watu kama sisi. Lakini pia umewahi kufunguliwa pale wakubwa walipotaka ufungwe. Bamber Bridge, Lancashire, mwaka 1943, wakuu wa jeshi la Marekani walitaka baa za kijiji ziwabague wanajeshi wao weusi. Baa zote tatu zikabandika matangazo: wanajeshi weusi tu. Usiku wa tarehe 24 Juni polisi wa jeshi lao walikwenda kuwakamata wanajeshi weusi waliokuwa wakinywa na wenyeji katika Ye Olde Hob Inn. Ugomvi ukazaa risasi, na askari mmoja mweusi, William Crossland, akauawa. Wanakijiji wale hawakuwa na cheo chochote. Walikuwa na baa, na walijua nani ni mgeni wao.

Rafiki yangu wa Nakuru alikodi nyumba ambayo ami yake alizuiwa kukanyaga zulia lake. Siku ya kufungua alimkalisha ami sebuleni, kiti cha karibu na meko, akampelekea painti ya kwanza iliyotoka kwenye pampu. Zulia lile hakulibadilisha mpaka lilipotoboka. Akaondoa kile kizuizi kati ya sebule na baa? Hapana, na hili nalipenda. Alikiacha, kwa sababu kilikuwa kazi nzuri ya seremala. Aliondoa milango yake tu.

Waheshimiwa, najua kilichoziua baa, na sitawabebesha ninyi mzigo wote. Hapa kwetu ilianzia viwandani. Bilston walikifunga kiwanda cha chuma mwaka 1979, Patent Shaft ya Wednesbury ikafuata 1980, Round Oak ya Brierley Hill ikafungwa Desemba 1982. Bia ya huku, ile nyeusi isiyo kali iitwayo mild, ilikuwa ya kurudisha jasho la mtu aliyeshinda mbele ya moto. Moto ulipozimwa, nani angekunywa painti nane? Mwaka 1989 serikali iliviamuru viwanda vikubwa vya bia kuachia maelfu ya baa ili pawe na ushindani, nia njema kabisa, lakini nyingi ziliangukia mikononi mwa makampuni ya majengo yasiyopika hata pipa moja. Hayo ndiyo yaliyomfunga rafiki yangu: unakodi kwao, na bia ununue kwao tu, kwa bei yao. Akivutia wateja, kodi inapanda. Kanuni za kumlinda mpangaji zilikuja 2016, alipokuwa na miaka 30 ndani ya mkataba.

Marufuku ya sigara ya Julai 2007 ilitupunguzia watu, lakini mapafu yangu yaliishukuru na bado naitetea. Bia ya supamaketi ilitupunguzia zaidi. Kisha ikaja ile jioni ya tarehe 20 Machi 2020, Waziri Mkuu alipoamuru baa zote zifungwe kwa ajili ya korona. Kengele ilipigwa, watu wakakaa wamesimama hawajui waende wapi. Juzi hapa, Aprili 2025, unafuu wa kodi ya majengo ya biashara ukashushwa kutoka asilimia 75 hadi 40, na mchango wa mwajiri kwa hifadhi ya jamii ukapanda hadi asilimia 15, mwezi mmoja huo huo. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Sasa ni kama 45,000.

Wapo watakaosema: vizuri, pombe imepungua. Nawaheshimu, na wengine ni ndugu zangu katika imani. Nimeendesha mabasi ya usiku, nimefuta matapishi, nimemzika rafiki aliyekufa kwa ini. Sitasema pombe haina ubaya. Nasema tu nilichokiona kwa macho yangu: baa ilipofungwa, wanywaji hawakuacha. Walihamia sebuleni kwao, peke yao, na chupa kubwa ya dukani, ambako hakuna mtu wa kumwambia mwenzake, imetosha, nenda nyumbani. Mwenye baa wetu alimnyima mtu pombe zaidi ya mara moja nikiwa nimekaa pale, akampa chai yangu.

Desemba 2010, ile baridi kubwa, mchonga kalibu hakuja Jumanne. Jumatano mchana mwenye baa aliuliza kama kuna aliyemwona. Hakuna. Akavua aproni, akaniachia kaunta mimi nisiyejua hata bei ya painti, akaenda kwa miguu kwenye theluji. Alimkuta chini ya ngazi, nyonga imevunjika, amelala sakafuni tangu Jumatatu usiku. Aliishi miaka sita zaidi. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe yuko Australia. Daktari wake hakujua, benki yake haikujua, wala ninyi hamkujua, na siwalaumu, mngejuaje? Meza ya dhumna ilijua kwa sababu tulikuwa watatu badala ya wanne.

Rafiki yangu alifariki mwaka 2022. Mameneja watatu wakaletwa na kuondolewa ndani ya miaka miwili, kisha kampuni ikaweka mbao madirishani na kuuza. Mnunuzi anataka kubomoa. Ripoti mliyoandikiwa inasema wakazi hawatapungukiwa kwa kuwa ipo baa nyingine ndani ya maili moja. Nimekwenda. Ni ukumbi mkubwa wa televisheni tisa, chakula kinaagizwa kwa simu, na nilipouliza kama naweza kucheza dhumna kijana wa kaunta alinijibu kwa adabu kwamba meza ni za wanaokula. Hakukosea, ndivyo alivyoagizwa. Lakini msiniambie ni kitu kimoja.

Uwezo mnao. Sheria ya mwaka 2011 inawaruhusu kuliorodhesha jengo kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na likiorodheshwa, siku mwenyewe akitaka kuliuza jamii inapata miezi sita ya kutafuta fedha. Ivy House ya Nunhead, London, ilikuwa baa ya kwanza nchini kuingia katika orodha hiyo. Wakazi wakainunua mwaka 2013, na mpaka leo ni yao. Sisi tumewasilisha ombi letu mwezi wa tatu, saini 412, na hatujajibiwa. Tangu Mei 2017 hakuna anayeweza kubomoa baa katika England bila kibali chenu cha mipango miji. Hicho kibali ndicho kitakachokuwa mezani kwenu.

Na tafadhali msituachie tu makaratasi, wekeni mtu wa kuliangalia jengo. Sisi wa Black Country tumeshaonjeshwa. The Crooked House ya Himley ilijengwa mwaka 1765, ikazama upande mmoja kwa sababu ya migodi iliyochimbwa chini yake, na ikawa baa ambayo ukiweka gololi juu ya meza unaiona kama inapanda mlima. Niliwapeleka watoto wangu wakaiona gololi ile. Agosti 2023, siku chache baada ya kuuzwa, iliungua usiku, na kabla ya siku mbili kupita tingatinga lilikuwa limeilaza chini. Mamlaka ya huko iliamuru mwaka uliofuata ijengwe upya. Carlton Tavern ya London, iliyobomolewa bila kibali mwaka 2015, iliamriwa hivyo hivyo na ikarudi, ikafunguliwa tena 2021. Inawezekana, basi. Ila matofali yanarudi kirahisi kuliko watu. Miaka sita ya kungoja, wazee wangu waliobaki hawana.

Sisemi kila baa ihifadhiwe kama jumba la makumbusho. Nendeni Netherton muione Old Swan, dari yake ya bati lenye picha ya bata maji. Nendeni Brierley Hill, kwenye The Vine, baa ya familia ya Batham, ambayo imekuwa ikipika bia tangu karne ya kumi na tisa. Ni baa, zina watu, zinauza. Yetu haikuwa na dari ya kupigwa picha. Ilikuwa na kioo cha maua, ambacho nimekiona kupitia ufa wa mbao kuwa bado kizima, na kizuizi cha seremala kisicho na milango.

Binti wa rafiki yangu, ambaye ni mhasibu na anaijua hesabu ya baa kuliko sisi wote, ametuandalia mpango: hisa za pauni 50, jikoni kurudishwa, upande wa sebule kukodishwa asubuhi kwa akina mama na watoto, chai iwe kwenye orodha ya bei kwa mara ya kwanza. Ameniomba nisiandike tarakimu zake hapa, atazileta mwenyewe kikaoni. Anachohitaji kutoka kwenu ni ile miezi sita.

Kikao chenu ni Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili jioni. Nitakuwepo, na yule kondakta wa Clarendon atakuwepo, ana miaka 88 na ngazi za ukumbi wenu zinamsumbua, kwa hiyo naomba mlango wa nyuma wenye lifti uwe wazi. Siku baa ilipofungwa meneja wa mwisho alinikabidhi sanduku la dhumna. Liko kabatini kwangu, kete 28, ikiwemo ile ya mpera.

Wenu,

Dereva wa zamani wa basi, mkazi wa mji huu tangu 1997